Wadhamini wa Fundi Cherehani

Mpangaji wa mwisho alimtoroka mama mwenye nyumba na kodi ya miezi minne, na kama hiyo haitoshi, akang'oa na kitasa. Tangu hapo mama akaapa: hapati mtu chumba kwake mpaka alete watu watatu wanaojua anavyolipa madeni.

Basi akaja fundi cherehani kuomba chumba cha uani. Mkewe alikuwa amejifungua juzi, yuko kwao, na mama mkwe ameshakata maneno: mjukuu hatoki pale mpaka baba yake awe na mlango wake mwenyewe. Alhamisi fundi akaleta watu wake: muuza duka, muuza mkaa na seremala. Wakabanana kwenye benchi kama wanaosubiri daktari.

"Haya, huyu analipa?" mama akauliza.

"Halipi," akasema muuza duka.

Fundi akatazama viatu vyake.

"Mimi namdai tangu mvua za mwaka jana," akasema wa mkaa. "Lakini mpe chumba, mama. Tunakuomba."

"Nimpe kwa lipi?"

"Leo analala kwa huyu, kesho kwa yule. Tukimfuata Jumatatu, kahama Jumapili. Miguu imetuota magaga. Akiwa na mlango, tutajua pa kubisha."

"Na kazi anaijua," seremala akadakia. "Suruali hii kashona yeye. Shida yake hatulii."

"Nitulie vipi na nyinyi mko nyuma yangu?" fundi akauliza kwa upole.

Mama alibana kicheko. Yule mwizi wa kitasa alisifiwa na watu watano, wote wamevaa tai. Hawa angalau hawakumdanganya.

"Chumba cha uani hupati," akasema. Fundi akanywea. "Kina mlango wa nyuma. Utachukua cha mbele, chenye dirisha la barabarani. Cherehani ikae hapo dirishani, tukuone sote. Na hawa watie sahihi: ukikosa kodi, wanalipa wao."

Watatu wakatazamana. Wa mkaa akaomba kalamu.

"Sasa mama, nitalalaje natazamwa na barabara nzima?"

"Si fundi wewe? Shona pazia."

"Lakini liwe fupi," akasema muuza duka.

Fundi akatia sahihi wa mwisho, akaondoka mbio kumchukua mkewe na mtoto. Wale watatu wakamsindikiza hadi kwa mama mkwe, maana hakuna aliyetaka apotelee njiani.