Mlingoti Ukiwa Nusu

Silvanus, fundi redio wa kijiji cha Yakobi, alisimamisha mlingoti wa antena nyuma ya banda la nguruwe, Jumapili baada ya ibada. Ulikuwa mirunda miwili, miti mirefu ya kujengea, iliyoungwa kwa waya, na chini ulishikwa na boliti kati ya nguzo mbili fupi, ili mtu auinue na kuulaza kwa kamba bila kupanda juu na kuvunjika shingo. Leseni ya redio ya ridhaa alikuwa nayo. Fedha za mlingoti wa chuma, hapana. Mirunda aliletewa na Halfan, dereva wa lori kutoka Makambako, aliyekataa nauli akakubali chai.

Mlingoti ukiwa wima, walimsikia Mzambia akilalamikia mvua. Walipoushusha ili kukaza waya, ukiwa nusu, redio ikasema, "Kamwene."

"Kamwene," akajibu Silvanus. Salamu hujibiwa.

"Ni mimi Yonathani. Mama Peace yupo?"

Yonathani alikufa mwaka juzi kiwanda cha mbao kilipoungua, na mwili haukupatikana. Kiwanda kilisema alikuwa ametoroka kazini kabla ya moto. Tangu hapo mkewe Priska, huyo Mama Peace, jirani wa Silvanus, hakupewa pole. Aliulizwa mumewe ameoa wapi. Alichotaka ni kimoja tu, watu wasikie kwamba mumewe alikuwa kazini.

Silvanus alijaribu kuuegemeza mlingoti kwenye ngazi, sauti ikakatika. Ulitaka mikono ya watu. Basi yeye akashika kamba, Halfan akakimbia kumwita Priska.

Hapo likatokea kosa ambalo Mbena pekee, mtu wa kabila la salamu ndefu, angelifanya. Redioni mtu husema kwa kifupi, akamaliza kwa "ova," yaani zamu yako. Yonathani alilelewa vizuri mno hata hilo likamshinda. Alimsalimu mkewe, akamuulizia mama mkwe, watoto, viazi, ng'ombe wa jirani na mguu wa mchungaji. Priska naye akajibu kimoja kimoja, akauliza habari za huko. Viganja vya Halfan, aliyerudi akampokea Silvanus kamba, vikachubuka, mlingoti ukaanguka, na la maana lilikuwa halijaguswa.

"Shemeji," Halfan akamwambia Priska huku akipuliza viganja, "wiki ijayo tuje wengi. Huyu bwana ana salamu."

Wiki iliyofuata ikaja kwaya yote ya akina mama, na sare zao. Walishika kamba wakipokezana, na salamu zikafika mwisho wake kwa heshima.

"Nilikuwa ndani, kwenye chumba cha kukaushia mbao," Yonathani akasema. "Mlango walikuwa wameufunga kwa kufuli, kwa nje, eti tusiibe vipande. Sikutoroka, Mama Peace. Ova."

"Nilijua," akasema Priska. "Asante kwa kusema watu wakisikia." Kisha akawageukia wenye kamba, akawapigia magoti, akalia kwa furaha. Wakampa pole zote za miaka miwili, moja baada ya nyingine, na hakuna aliyeachia kamba. Nani asingeshukuru kuwa na majirani kama hao?

Meneja wa kiwanda, ambacho sasa kilikuwa kimejengwa upya, alialikwa, akaja. Alivua kofia, akasaidia kuvuta kamba, akasikiliza mpaka mwisho. Alisema sauti ni safi sana na fundi apongezwe. Ila marehemu hawezi kutoa maelezo kama mfanyakazi, kwa sababu ajira yake ilikoma siku alipotoroka. Akanywa chai, akarudi kufunga milango yake.

Baada ya mavuno Yonathani alizungumza kidogo tu, kisha akampisha kijana mgeni wa huko huko aliko. Kijana aliomba radhi kwa kukatiza. Alijitambulisha kuwa Elius, akauliza kama kuna anayeweza kumfikia mama yake huko Mlangali, maana kiwanda kimempigia simu kumwambia kwamba mwanawe ametoroka.

Halfan akawasha lori. Waliobaki wakashika kamba.