Tundu Lisilozungushiwa

Muhdhar alikuwa fundi wa umeme mwenye mkono mwepesi, na mtu mwenye mkono mwepesi utamwambia nini akusikie? Pale Malindi, mtaa wa Shela, walimsifu mpaka akavimba kichwa. Nyumba ambayo wenzake wangeifanya juma zima, yeye huimaliza Ijumaa haijafika: swichi zimekaa sawa, waya zimenyooka ukutani kama wanja, glopu zinawaka. Mwenye nyumba anataka nini zaidi?

Mwaka ule wa themanini na sita alimpenda Mahfudha mpaka akakosa usingizi, akapeleka posa. Mama yake Mahfudha, Bi Kuluthumu, alikuwa mjane mwenye asili ya Pate, mshona kofia za viua, zile nyeupe zenye vitundu vidogo vidogo vilivyozungushiwa uzi kimoja kimoja. Kwa sindano hiyo alimlea bintiye, na sindano hiyo hiyo akamfundisha. Posa hakuikataa, wala hakuikubali.

"Nyumba yangu haina umeme," alimwambia mjomba wa Muhdhar aliyeipeleka. "Na aje anitilie. Jibu nitalitoa kazi ikiisha."

Muhdhar aliposikia alicheka. Mtihani huo nao ni mtihani? Kesho yake akaenda na waya zake, akafanya kazi huku akipiga mluzi, na kila Mahfudha akipita uani na ndoo ya maji, mluzi unapanda. Watoto wa mtaa wakajaa mlangoni, naye akawagawia vipete vyeusi vya mpira wavae vidoleni. Vipete hivyo huja pamoja na visanduku vya chuma vinavyozikwa ukutani nyuma ya swichi, na kazi yake ni kuvishwa kwenye tundu ambamo waya hupenya. Muhdhar hakuwa akivivisha. Nani atakayechungulia ndani ya ukuta?

Bi Kuluthumu, huyo ndiye.

Siku umeme ulipowaka majirani walipiga vigelegele, na Mahfudha akatabasamu nyuma ya leso yake. Bi Kuluthumu hakupiga kigelegele. Alisema, "Zima swichi kubwa, mwanangu. Kisha nifungulie hii ya ukumbini."

"Niifungue? Mama, si inawaka?"

"Kofia nayo si huvalika? Lakini mnunuzi anayejua huipindua kwanza akaitazama ndani. Kwa nje hata mimi naweza kukudanganya. Fungua."

Akafungua. Bi Kuluthumu alivaa miwani, akainama, akatazama kitambo. Mle ndani waya zilikuwa zimesokotana ovyo, nyuzi za shaba zimechomoza, na skrubu moja haikukazwa. Hayo hakuyajua, hivyo hakuyasema. Aliweka kidole pale waya ulipopenya kwenye chuma.

"Tundu hili lina makali. Mbona halikuzungushiwa kitu?"

"Kuna kipete cha mpira, mama, lakini..."

"Kiko wapi?"

Mtoto mmoja mlangoni akainua kidole chake, kimevaa kipete. Wenzake wakaangua kicheko, na Muhdhar akatamani ardhi immeze.

"Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti," Bi Kuluthumu alisema, na kwa kuwa hakusema kwa ukali, yalichoma zaidi. "Kofia hii ningekurudishia, mwanangu. Na binti yangu simpi mtu anayefanya vizuri pale panapoonekana tu."

Hasira zilimpandaje! Ala! Mshona kofia amfundishe yeye umeme? Alirukia baiskeli yake, akavuka daraja la Sabaki jasho likimtiririka, mpaka Mambrui kwa Bi Batuli, bibi kizee ambaye nyumba yake aliitia umeme mwaka uliopita bila kipete hata kimoja. Nia yake ilikuwa kufungua swichi pale, akute pazima, amrudie Bi Kuluthumu kifua mbele.

"Shikamoo, bibi. Umeme wangu waendeleaje?"

"Marahaba, baba. Mzuri, Mungu akuweke. Ila ile swichi ya jikoni, nikiigusa na mkono wa maji, mkono hunitetemeka mpaka begani. Nikasema, basi ndio uzee huo umefika."

Muhdhar alikimbilia swichi kubwa akazima, kisha akarudi jikoni akafungua. Ukuta ulikuwa umenyonya unyevu na chumvi, kama kuta zote za mawe za pwani. Makali ya tundu yalikuwa yamekata ngozi ya waya, shaba imegusa chuma, na chuma kimeshikana na skrubu za kifuniko. Waya wa ardhi, ambao kazi yake ni kuuondoa umeme kama huo, ulikuwa unaning'inia tu, haukukazwa.

Aliketi sakafuni akalia, sikufichi. Bibi wa watu anamwombea dua kila akiwasha taa, naye amemtegea mauti jikoni!

"Unalia nini, baba?"

"Si uzee wako, bibi. Ni mkono wangu."

Alirudi Shela kuwatafuta wale watoto. Kipete kimoja kwa kifuko kimoja cha ubuyu, na watoto wale, si watu, walipoona ana shida wakapandisha bei. Akalipa. Nyumba ya Bi Batuli ikawa ya kwanza, kisha akazirudia nyingine zote alizowahi kuzitia umeme, akibisha hodi na kusema wazi kilichomleta. Wako waliomtukana, wako waliomkaribisha kahawa. Ya Bi Kuluthumu aliiweka mwisho.

Safari hii hakupiga mluzi. Mahfudha alipita na ndoo, akapita tena, wapi! Fundi kainamia skrubu yake, hamwoni mtu. Mtoto wa watu akanuna. Alipomaliza, Muhdhar aliacha swichi zote wazi, akamwita mwenye nyumba mwenyewe aje atazame.

Bi Kuluthumu alitazama moja baada ya moja. Kisha akaingia chumbani, akatoka na kofia mpya, nyeupe pe.

"Jaribu hii."

Mwingine angeiweka kichwani akakimbia kwa mjomba wake na habari. Muhdhar aliipindua. Akaisogeza kwenye glopu, akaizungusha polepole, safu kwa safu. Kwa nyuma kulikuwa na kitundu kimoja kilichotobolewa kikaachwa hivyo hivyo. Akinyamaza, pengine mke keshampata. Akisema, amemtia aibu mama mkwe siku ya jibu.

"Mama, niwie radhi," alisema. "Hapa pana tundu halikuzungushiwa."

Bi Kuluthumu alimtazama. Halafu akacheka, akacheka mpaka miwani ikamdondoka, akageukia uani na kupaza sauti mtaa mzima usikie:

"Mahfudha! Njoo na sindano yako! Mumeo amekurudishia kofia!"