Sabuni ya Msiba wa Mzee Tobia

Jumanne moja ya mwezi Julai, mwaka mmoja baada ya maduka ya watu binafsi kufungwa, Efrazia alikata mche wa sabuni vipande sita kwa waya wa breki ya baiskeli. Vitano aliwauzia watu wa kwenye foleni. Cha sita alikinunua mwenyewe, akakifunga kwenye gazeti na kukitia kikapuni pamoja na kibiriti. Yeye ndiye aliyekuwa muuzaji wa duka la ushirika la Kwemvumo, kijiji kilicho juu ya mashamba ya chai, katikati ya Mponde na Bumbuli. Ukungu ulikuwa umekaa mlangoni tangu asubuhi, na watu walinunua vitu vyao huku wakikohoa.

Jioni aliogea sabuni ile. Ilitoa povu jingi na uchafu wote ukatoka. Mumewe, Timotheo, alioga baada yake, akasema kwamba siku hizi viwanda vyetu vinajitahidi.

Asubuhi Efrazia alipotoka kwenda kukama, mbwa wao alimbwekea. Mbwa huyo aliitwa Askari na alikuwa amelelewa pale pale jikoni kwa miaka saba. Efrazia alimwita kwa jina. Askari aliposikia sauti anayoijua ikitoka kwa mtu asiyemjua, alifyata mkia, akarudi kinyumenyume hadi chini ya ghala la mahindi na kukaa huko akitetemeka. Ng'ombe naye aliipiga ndoo teke. Efrazia alijinusa mikono, kisha makwapa, kisha kifua. Hapakuwa na harufu ya sabuni, wala ya moshi, wala ya kwake mwenyewe.

Hapo hakuogopa bado. Aliogopa alipomchukua mtoto.

Elieshi alikuwa na miezi minne. Alikuwa binti yao wa kwanza, aliyepatikana baada ya miaka tisa ya ndoa na mimba tatu zilizoharibika, na alikuwa akiogeshwa kwa maji matupu kwa sababu ngozi yake ilikuwa ikitoka vipele. Mama yake alipompakata, mtoto aligeuza uso. Alipopewa titi alilinusa, akakaza mwili, akalia kilio ambacho Efrazia hakuwahi kukisikia kwake. Kilikuwa kilio cha mtoto aliyeokotwa njiani na mtu baki. Efrazia akaanza kumwimbia, na kilio kikazidi.

Kufikia Ijumaa kijiji kizima kilikuwa kikibwekewa. Hakuna aliyelifanya hilo kuwa jambo kubwa. Watu walirudi nyumbani na vijiti mkononi, wakawapiga mbwa wao, wakaingia ndani kulala. Kuku wa jirani yao Mwanamisi walihamia mtini. Nyuki wa mzee mmoja wa kule bondeni walimfukuza mwenyewe mzingani hadi mtoni, naye akasema tu kwamba walikuwa na haki, maana hawamjui. Watoto wachanga wawili walikuwa wameshaanza uji, na walikubali kulishwa na kaka zao ambao kuoga kwao ni kwa kukimbizwa. Efrazia naye alimwomba mjukuu wa Mwanamisi, mwenye tabia hiyohiyo, amnyweshe Elieshi maziwa ya ng'ombe kwa kijiko. Mtoto aliyanywa, kisha akaharisha siku nzima.

Kilichomsaidia kwa muda ni kanga moja ambayo alikuwa ameivaa kabla ya ile Jumanne na kuisahau chini ya kitanda. Alipojitanda kanga hiyo mtoto alinyamaza, akasogea, akanyonya. Efrazia alikaa kimya kabisa, hata pumzi akiibana, kwa sababu sauti yake ndiyo iliyomtisha mtoto kuliko kitu kingine chochote. Alipomaliza kunyonyesha aliikunja kanga, akaifunga ndani ya kipande cha nailoni na kuiweka sandukuni ili harufu isitoke. Hata hivyo ilikuwa ikitoka. Kila alipoifungua ilikuwa imepungua, na mtoto alichelewa zaidi kusogea. Efrazia alikadiria kwamba imebaki kama wiki moja. Tangu hapo alikuwa akiamka na hofu, anauza dukani na hofu, anarudi na hofu.

Alikuwa mtu wa duka, basi akaenda kuangalia katoni. Zilikuwa tisa, na baadhi zilikuwa zimeshafunguliwa na kupungua. Mbili zilitoka moja kwa moja bohari ya Korogwe, nazo zilikuwa zimefungwa kwa utepe wa kiwandani. Saba zilikuwa zimebandikwa kwa uji wa muhogo, na juu ya kila moja palikuwa na kikaratasi: marejesho, msiba wa Mzee Tobia.

Lazima ielezwe jinsi marejesho yalivyokuwa yakifanyika Kwemvumo. Mtu akifariki, kamati ya maafa ilichukua vitu dukani kwa barua: sukari, mafuta ya taa, shuka, sabuni. Walichukua vingi, kwa kuwa hakuna ajuaye wageni wangapi watapanda mlima. Baada ya arobaini, visivyotumika vilirudishwa. Na kitu kinachotoka kwenye nyumba ya msiba hakifunguliwi kukaguliwa. Kukikagua ni kuwaambia wafiwa kwamba wameiba wakiwa wanalia. Muuzaji hukipokea kwa mikono miwili, husema poleni, husaini, hukipanga rafuni. Ndivyo Efrazia alivyofundishwa, naye alikuwa amepokea misiba minne tangu duka lifunguliwe. Mzee Tobia alikuwa mtu wa watu, kwa hiyo katoni zilizotoka zilikuwa nane. Kuosha marehemu mwenyewe, wageni wote na vyombo vyote kulimaliza katoni moja tu.

Efrazia alichukua mche mmoja kutoka kila upande. Kwa macho ilikuwa ndugu wa baba mmoja na mama mmoja: rangi ileile, uzito uleule, mhuri uleule. Aliinusa sabuni ya Korogwe, ikanuka mafuta ya nazi na magadi. Aliinusa ya msiba, na ilikuwa kama kunusa kioo cha dirisha. Akazipeleka zote mbili kwa Abdallah, ambaye duka lake lilikuwa limefungwa na sasa analima kabeji. Abdallah alizilamba kwa ncha ya ulimi. Akasema hii ya pili imetengenezwa bondeni, ameshaiona Mombo, na wanaoitengeneza huiuza kwa yeyote mwenye mahali pa kuibadilisha na ya kiwandani. Akaongeza kwamba asubuhi malori ya kabeji huwa yanateremka na vitu vingine chini ya kabeji. Kisha akamwomba asimtaje.

Katibu wa kamati ya maafa alikuwa Nathanaeli, mtu mpole, mwimbaji wa besi kanisani, ambaye hakuna msiba aliochelewa. Efrazia alipita nyumbani kwake makusudi. Mbwa wa Nathanaeli alimbwekea yeye, kisha Nathanaeli akatoka na mbwa akamlamba viganja. Kuku walikuwa miguuni pake. Mkewe, Rahabu, alikuwa amekaa kizingitini akimnyonyesha mtoto wao wa mwaka na nusu, na mtoto yule alikuwa akinyonya huku akichezea shanga za mama yake bila wasiwasi wowote.

Alhamisi iliyofuata kulikuwa na mkutano wa kijiji kwenye uwanja wa shule. Mwenyekiti, Mzee Silvano, alifungua kwa salamu na wimbo. Watu walikuwa wamewafungia mbwa majumbani, lakini mbwa walikata kamba. Waliingia uwanjani mmojammoja, wakiwa wamekonda, wakawapita wenye nyumba zao kama wanavyopita magogo, wakaenda moja kwa moja mpaka pale Nathanaeli alipokuwa amesimama akisoma taarifa ya kamati. Walikuwa kama arobaini. Walimzunguka, wakatikisa mikia, na baadhi yao walilia kidogo kwa furaha ya kumwona mtu. Askari alikuwamo. Nathanaeli aliwapigapiga vichwani kwa mkono mmoja na karatasi akaishika kwa mkono mwingine. Alisoma mpaka mwisho.

Kila mtu pale aliona, na kila mtu alielewa ni nani asiyeogea sabuni ya dukani. Wengine waliinamisha macho na kuchora chini kwa vijiti walivyokuja navyo.

Efrazia alinyoosha mkono. Alisema ana ombi moja tu: katoni za marejesho zilizobaki zifunguliwe hapa, mbele ya watu, kabla hajaziuza.

"Za msiba wa nani, mama?" Mzee Silvano aliuliza.

"Wa Mzee Tobia."

Mwenyekiti aliwageukia watoto wa marehemu, waliokuwa wamekaa pamoja karibu na mlingoti wa bendera. Aliwauliza kwa upole kama wanaridhia msiba wa baba yao ukaguliwe. Mkubwa wao alitazama mbwa, akamtazama Nathanaeli, ambaye ndiye aliyechimbisha kaburi na kuwaliza kwa wimbo hata watu wasiokuwa na machozi. Akajibu kwamba hawaridhii. Baba yao alizikwa vizuri, na wao wangependa abaki hivyo.

Mkutano ukaazimia mambo mawili. Mbwa wote wafungwe kwa minyororo badala ya kamba. Na duka liendelee kupokea marejesho ya misiba kwa heshima, kama ilivyo desturi. Timotheo naye alinyoosha mkono kuunga azimio. Alipoulizwa na mkewe njiani, alisema mkono ulikwenda wenyewe. Efrazia alimsadiki, na hilo lilimtisha zaidi.

Jumapili kanga iliisha. Elieshi aliisukuma kwa viganja vyote viwili, akageukia ukuta. Hakulia tena kwa nguvu. Utosi wake ulikuwa umebonyea na midomo imekauka. Efrazia alijipaka jivu, akajifukiza moshi wa majani ya mkaratusi, akalala zizini ubavuni mwa ng'ombe ambaye pia hakumtaka. Moshi na jivu havikukaa. Aliogea hata sabuni ya Korogwe, na kilichorudi kilikuwa harufu ya sabuni tu. Kwenye hospitali ya misheni muuguzi alimpima mtoto, akamtazama mama, akauliza kama anatoka Kwemvumo. Akasema ameshapokea watatu. Dawa hana. Ushauri wake ni mtoto apate kunyonya kwa mtu ambaye bado ana harufu yake, na asikawie.

Jumatatu mchana, duka likiwa tupu, Nathanaeli aliingia na kusimama mbele ya kaunta. Nje palikuwa na kijana wa lori akishusha katoni.

"Shikamoo, baba," Efrazia alisema.

"Marahaba, Mama Elieshi. Mtoto hajambo?"

"Hajambo kidogo."

"Nimesikia hanyonyi. Mwenzangu nyumbani ana maziwa mengi mpaka yanamwagika. Amesema umlete hata leo." Alitoa karatasi mfukoni na kuilainisha juu ya kaunta. "Na hapa unisainie. Katoni kumi."

Efrazia aliisoma karatasi. Palipotakiwa jina la marehemu palikuwa patupu. Akauliza ni msiba wa nani.

"Bado," Nathanaeli alisema. "Ila Julai haijaisha, na baridi unaiona mwenyewe."

Hakusema kwa kutisha. Alisema kama mtu anayezungumzia mbolea. Efrazia alitazama katoni zikiingia, akafikiria muda anaoutumia mtoto wa miezi minne kukauka, akauhesabu kwa siku, kisha kwa saa. Tangu mkutano alikuwa amejiambia kwamba marejesho yajayo atayakataa. Akachukua kalamu akasaini.

"Poleni," akasema, kwa kuwa ndivyo inavyosemwa.

"Tumeshapoa, mama."

Jioni ile alimfikisha Elieshi mlangoni kwa Rahabu. Rahabu alimpokea bila maneno mengi. Alikuwa mwanamke mwema na hakuna aliyewahi kusema vinginevyo. Mtoto alinusa shingo yake, akatulia. Alinyonya hadi usingizi ukamchukua na titi mdomoni. Rahabu alisema amwache, atamrudisha akipata nguvu. Efrazia aliitikia kwa kichwa. Hakuthubutu kuaga kwa sauti.

Elieshi alipata nguvu. Alinenepa, akaanza kukaa, akaota meno mawili. Alirudishwa mara mbili, na mara mbili alilia mpaka akabadilika rangi, akapelekwa tena kwa Rahabu. Mwezi wa Agosti alifariki mama mmoja wa kitongoji cha juu, na jina lake likajazwa kwenye ile karatasi kwa wino wa rangi nyingine. Watu waliendelea kununua sabuni, maana duka lilikuwa moja, na shuleni watoto walikaguliwa shingo kila Jumatatu. Waliozaa mwaka ule walikubaliana na wake wa wajumbe wa kamati mapema, kabla ya uchungu, na waliwapelekea ndizi na kuni.

Ijumaa moja ya Oktoba Rahabu alikuja dukani na Elieshi mgongoni. Alipanga foleni kama wengine, hakutaka apendelewe. Zamu yake ilipofika aliomba chumvi nusu kilo. Mtoto alichungulia juu ya bega lake, akaitazama mizani, akaitazama taa iliyoning'inia, kisha akamtazama Efrazia usoni kwa muda, kama anavyotazamwa muuza duka. Efrazia alimpimia Rahabu chumvi, akaifunga kwenye gazeti, akaisukuma juu ya kaunta taratibu ili karatasi isichakarike. Rahabu alimuuliza hali. Yeye akatabasamu na kuitikia kwa kichwa, midomo ameifumba, mpaka walipotoka na kupotelea kwenye kona ya shamba la chai, asije mtoto akamsikia akaogopa.