Damu ya Don Evaristo

Miaka thelathini na moja don Evaristo Quaglia alikuwa akipika poda za kemikali katika maabara ya chuo mjini Rosario, na hakuna hata moja iliyowahi kuwa dawa. Leo saa sita mchana anastaafu. Ukumbini empanada, sambusa za kwao, zimeshapangwa mezani, wenzake wanamsubiri.

Aliyekuwa akizijaribu poda zake ni Nélida, fundi wa maabara. Zamani alizijaribu juu ya kipande kimoja tu kilichotolewa ndani ya bakteria, zikawa zinakishinda. Zikipelekwa kwa bakteria mzima, zinagonga ukuta wake na kurudi. Nélida akachoka. "Tumuulize bakteria mwenyewe, akiwa hai," alisema. Tangu hapo akawa anatia bakteria hai katika vishimo vya sahani ya maabara, anadondoshea kila kimoja poda yake, kesho yake anatazama. Kishimo kikiwa na ukungu kama maji ya mchele, ujue bakteria wamestawi. Wiki iliyopita, kishimo cha poda namba 3118 kilikuwa maji safi kabisa. Akarudia mara tatu. Safi!

Mzee alilia mbele za watu, bila haya. Mkewe Rosalba akaambiwa siku ileile.

Lakini maabara ile ina desturi yake: poda ikiua bakteria, lazima ijaribiwe kwenye damu ya aliyeiona ikiua, kuhakikisha haimdhuru mtu, maana hata dawa ya kusafishia choo inaua bakteria. Nélida alikuwa ameshakunja mkono wa koti, mzee akamsukuma kando.

"We! Poda ni yangu, damu iwe yangu."

Sasa ilikuwa saa tano na nusu. Mbele ya Nélida palikuwa na mirija miwili, yote ya damu ya mzee. Katika ule wa maji ya chumvi matupu, damu ilikuwa imetulia chini, juu maji maangavu. Ule wa 3118 ulikuwa mwekundu toka juu mpaka chini. Chembe zote za damu zimepasuka.

Jamani, moyo ulimuuma. Mirija inafanana, tofauti ni alama ya kalamu tu. Amwonyeshe ule mzuri, mzee aende zake na furaha yake, nani atajua? Alikuwa ameshaushika mkononi.

Mlango ukafunguliwa. "Haya mwanangu, usiniweke, kule watu wana njaa. Upi wa poda yangu?"

Nélida aliuona mkono wake, plasta ya sindano bado ipo. Mzee hakutoa damu ile ili adanganywe. Akaurudisha ule mzuri, akampa mwekundu.

Don Evaristo aliuinua dirishani, akautazama muda mrefu. Ukumbini mtu alikuwa anacheka.

"Imenipasua mwenyewe," alisema. "Na Rosalba nimeshamwambia, mjinga mimi!"

"Twende wote, nitamwambia mimi."

"Aa, wapi. Mdomo wangu ulisema, utasema tena." Akavuta daftari, akaandika kwa mkono wake: *3118, inapasua damu, isirudiwe.* Kisha akauliza, "Kabatini zimebaki poda ngapi hazijajaribiwa?"

"Arobaini na mbili."

"Utazimaliza?"

"Nitazimaliza, don Evaristo." Wote wawili walikuwa wanalia.

"Basi nyingine ikikubali, toa damu yako," mzee alisema, akijifuta kwa mkono wa koti. "Yangu ina mikosi."