Foleni ya Kiti cha Kushoto

Jumatano ya tarehe nne Juni, wiki sita baada ya kumzika mke wangu, binti yangu alirudi kazini akakuta ameshapitwa kwenye foleni.

Kazi yake ni urubani. Miaka tisa amekaa kiti cha kulia, cha msaidizi, akingoja cha kushoto, cha kapteni. Huko kila rubani ana namba kwa siku aliyoajiriwa. Wa mbele akistaafu, wa nyuma anasogea. Ni foleni kama ya buchani kwangu, ila hawa wanasimama wamefunga tai. Binti yangu ndiye aliyekuwa anafuata.

Mama yake alipozidiwa, likizo ya binti ilikuwa imekwisha. Akaenda kwa mkuu wa marubani, bwana mwenye shingo nene na maneno mepesi, kuomba ya bila mshahara. Bwana akamshika bega.

"Nenda ukamuuguze mama, binti. Namba yako itakungoja."

Akamuuguza. Alimgeuza, akamlisha uji, mpaka siku mama alipokifungia kijiko mdomo. Msibani mkuu hakuja. Alituma ujumbe wa simu, "Poleni wafiwa", kama anayetangaza maji yatakatika.

Basi siku ile ya kurudi, binti akaambiwa siku za bila mshahara hazihesabiwi kazini. Zimekatwa, namba imeteremka, na ukapteni umekwenda kwa kijana aliyeajiriwa nyuma yake. Sisi nyumbani tunamwita Marashi. Akipita, hata ukuta unanukia.

Wakampanga aruke naye wiki hiyohiyo. Jioni akaingia, akatupa kofia mezani.

"Vipi kapteni wako?" nikamuuliza.

"Baba, usianze."

"Alitua mwenyewe?"

"Upepo ulikuwa wa ubavuni. Akasema, 'Dada, tua wewe, upate mazoezi.'" Akacheka kicheko kikavu. "Mazoezi! Mimi ndiye niliyemwonyesha choo kilipo siku aliyoanza kazi."

"Na abiria walimshukuru nani?"

"Nani tena? Alisimama mlangoni anawaaga kama bwana harusi."

Kulikuwa na kampuni nyingine iliyomtaka, na ilitaka jibu kabla ya Ijumaa ya wiki iliyofuata. Lakini rubani akihama hahami na namba yake. Anaanzia mkiani, nyuma ya watoto waliotoka shule jana. Kwa hiyo akaamua amwone mkuu kwanza. Nikamwambia naenda naye.

"Baba, unakuja kukaa kimya."

"Kama maji mtungini, mama."

Ofisi ya yule bwana ina baridi ya kuhifadhia nyama, na zulia la kuzamisha kisigino. "Shikamoo mzee," akasema, macho kwenye simu yake. Nikaitika marahaba, japo nadhani aliyeamkiwa ni simu.

"Kapteni," binti akaanza, "ulinishika bega ukasema namba itaningoja."

"Nasema mengi, binti. Mtu mwenye majonzi husikia anachotaka."

"Kwa hiyo nilisikia vibaya?"

"Sheria ni sheria. Haina huruma, haina chuki. Ni foleni tu."

Hapo mtungi ukapasuka. "Foleni gani? Buchani kwangu mtu akisema nishikieni nafasi, mtoto analia nje, anashikiwa. Na wale hawajafika hata darasa la saba!"

"Mzee, hapa si buchani."

"Naona. Buchani mfupa huwekwa kwenye mizani, mteja akauona."

Binti akanikanyaga mguu. Bwana akatabasamu lile tabasamu lao, la mdomo peke yake. "Avumilie. Kuna mtu atastaafu."

"Lini?" binti akauliza.

"Mungu akijalia." Akainuka, akavuta koti. "Nina kikao."

Watu hawa ndio hivyo. Ahadi wanatoa wao, kisha Mungu ndiye anatumwa kuilipa. Vikao navyo haviishi, sijui huwa wanaongea nini humo, maana kila wakitoka mambo yako palepale, tena yamezeeka.

Tulikaa garini bila kuwasha injini. Mbele yetu Marashi alikuwa anapigwa picha na mistari yake minne ya ukapteni begani, kidevu juu, miwani ya jua na mawingu yote yale. Binti alishika simu yenye ile barua ya kampuni ya pili. Akaandika neno, akalifuta. Kisha akanigeukia.

"Baba, niende nikaanzie mkiani kwa wageni, au nibaki hapa niwe natua ndege za huyu?"