Punje Ishirini

Maige aliinamisha kopo la maziwa, punje za mahindi zikamwagika juu ya meza yangu. Nilizihesabu kwa ncha ya kidole. Ishirini. Kwenye karatasi yangu, kwa dakika ileile moja, nilikuwa nimeandika arobaini.

"Umesinzia," nilimwambia.

Asubuhi ile ya mwaka 1952, mgodini Geita, msimamizi aliniuliza swali moja tu: pampu mpya inatoa galoni ngapi kwa dakika? Kule chini yalikuwa yakiingia maji galoni thelathini. Mimi Selestine, karani niliyesoma kwa mapadri, nikapima upana wa silinda na mwendo wa pistoni, nikapata galoni moja na robo kwa kila msukumo. Kisha nikasimama na saa mkononi, nikasikiliza. Ko, ko, ko. Milio arobaini. Galoni hamsini. Nilitia sahihi kwa madaha, nakwambia, na watu tisa wakashuka shimoni. Mmoja wao alikuwa Mabula, mume wa dada yangu Scolastika.

Kazi ya Maige ilikuwa kuipaka pampu grisi. Kusoma hakujua, na mimi sikukosa kumkumbusha. Kwao Songwa alikuwa mchungaji, na jioni kila ng'ombe aliyeingia zizini alimtilia punje moja koponi. Desturi hiyo aliihamishia kwenye bomba: maji yakiruka, punje. Saa sita mchana, kwa kutaka kumcheka tu, nilimwambia tuhesabu pamoja.

"Sikusinzia," alinijibu taratibu. "Wewe unahesabu kelele. Mimi nahesabu maji."

Nikaligeukia bomba. Pistoni ilikwenda, ko, maji yakaruka. Ikarudi, ko, na bomba likakaa kavu, maana ilikuwa inavuta tu. Kila msukumo nilikuwa nimeuhesabu mara mbili. Zilitoka galoni ishirini na tano, ziliingia thelathini, na wale watu walikuwa chini tangu saa moja asubuhi.

Kengele ya hatari ilikuwa hatua tano kutoka mezani. Sikwenda. Sijapata kumwambia mtu jambo hili. Nilichukua penseli nikarudia hesabu, nikafuta, nikarudia tena, nikitafuta mahali Maige alipokosea. Ni yeye aliyeniacha pale akaenda kuipiga.

Walipanda ngazi mmoja mmoja. Nilihesabu vichwa. Saba. Nane. Kisha mdomo wa shimo ukabaki mtupu, na mimi nikaanza kufikiri nitamwambia nini Scolastika. Nilikuwa bado natafuta maneno Mabula alipoibuka, suruali imelowa hadi kiunoni, taa yake imezimika.

"Wenzangu walitaka kupanda mapema," alisema, akihema. "Nikawakatalia. Nikawaambia msiwe na wasiwasi, shemeji yangu ndiye aliyepiga hesabu."

Akanishika bega, akanishukuru kwa kengele.

Jumapili Scolastika alinichinjia kuku. Firigisi alinitilia mimi, akawaeleza majirani jinsi nilivyomrudishia mumewe. Niliila. Maige hakualikwa, na mimi jina lake sikulitaja.