Miji Uvunguni

Usiku wa jana niliota nimetegewa kitendawili, na kabla sijakusimulia nakutegea nawe, tuone kama umenizidi akili: Msafiri wetu kaondoka, viatu kaviacha mlangoni. Nani huyo? Usinijibu upesi. Mimi jibu nilikuwa nalo, nalijua kama ninavyojua chumvi yangu ilipo jikoni, lakini ulimi ulikataa kwenda kulichukua.

Kwanza nikueleze ya mchana, maana ndoto haitoki hewani.

Mwanangu Mwajabu alishikwa na homa mwezi wa Shaabani, siku ya nne akafariki. Ameacha binti wa miaka sita, Shamimu. Kwetu sisi mtoto mdogo hapewi neno zito kama hilo. Siku ya maziko tulimpeleka kwa jirani akacheze, na aliporudi tukamwambia Mama amesafiri. Amesafiri kwenda wapi? Mjomba wake Kibwana, kitinda mimba wangu, akasema Korogwe. Kesho yake jioni mtoto akauliza tena, mimi nikasema Handeni. Ikawa ndiyo hivyo, kila jioni na mji wake.

Tangu hapo Shamimu hataki viatu. Ukimvalisha, anavua. Mwalimu anamrudisha nyumbani, nyayo zimechanika kwa mawe, na ukimuuliza kwa nini, anakutazama tu. Juzi nesi wa zahanati alipokuwa akimsafisha kidonda aliniambia, "Bibi, huyu mtoto anasema. Anasema kwa miguu, kwa sababu neno lake mmelificha." Nikamjibu kwamba mimi nimeishia darasa la nne na sikufundishwa kusoma miguu.

Basi ndotoni nimepanga foleni kwenye zahanati hiyohiyo, ila juu ya mlango pameandikwa: HAPA YANATIBIWA MANENO. Mbele yangu kuna mwiko, stuli, na mwavuli mmoja uliofungwa bandeji. Nyuma yangu kuna kiatu cha Mwajabu, kile cha kahawia, cha kushoto. Kimekaa kwa adabu.

"Shikamoo, Mama," kikasema.

"Marahaba. Mwenzio yuko wapi?"

"Amebaki mlangoni, tunapokezana zamu. Siku hizi mimi si kiatu tena, Mama. Nimekaa badala ya mtu."

"Na kazi hiyo unaionaje?"

"Inachosha. Kila anayepita ananitazama mimi, anamwona mwingine."

Nikakipa pole. Ningesema nini zaidi kwa kiatu?

Nesi akaniita ndani. Nesi mwenyewe ni mizani, ile inayoning'inizwa kupimia watoto wachanga. Akaniambia niweke neno. Nikasema "chumvi", mshale haukutikisika. Nikasema "kuku", ukasogea kidogo, akaniambia hiyo ni miguu ya kuku tu. Nikasema "amesafiri". Mizani ikashuka na kamba yake na boriti yake mpaka ikagonga sakafu.

"Bi Mwantumu," nesi akasema kutoka huko chini, "hili si neno moja. Limebeba jingine mgongoni. Nenda kalale chumba cha pili."

Chumba cha pili ni uwanja wa shule niliyosoma, lakini umeezekwa bati. Katikati kuna kitanda cha kamba. Nikajilaza, nikaona kimenizoea.

"Sema chochote kinachokujia," kitanda kikaniambia. "Usikichague."

"Kisamvu. Mchi. Baridi. Mlango."

"Hapo mlangoni pana nini?"

"Hapana kitu."

"Na viatu?"

Nikageukia ubavu. Kitanda kikashusha pumzi kwa kamba zake zote.

"Haya, kitendawili."

"Tega."

"Msafiri wetu kaondoka, viatu kaviacha mlangoni."

Jibu likaja mpaka kooni, likakaa hapo kama mgeni asiyekaribishwa. "Nimeshindwa," nikasema.

"Basi nipe mji."

Sheria unaijua: aliyeshindwa hutoa mji. Mimi tangu utoto nimetoa miji mingi, hata Mombasa nimewahi kuitoa, na asubuhi yake ilikuwapo. Kwa hiyo sikusita. "Chukua Korogwe," nikasema.

Korogwe ikaja. Imekunjwa mara nne kama kanga, stendi yake inachungulia pembeni. Mwanamume mmoja mwenye sahani ya chipsi akatoa kichwa kwenye mkunjo.

"Mama, tunapelekwa wapi?"

"Sijui, baba. Mmetolewa."

"Tumekosa nini?"

"Nyinyi hamjakosa. Mimi nimeshindwa kitendawili."

"Ah, basi sawa," akasema, akarudi ndani. Kitanda kikaisukuma Korogwe uvunguni.

Kikatega tena, kilekile. Nikatoa Handeni. Kikatega tena, nikatoa Pangani, ikaja inachuruzika maji. Nikatoa Lushoto, ikaja imejifunika blanketi. Kwenye Dodoma kitanda kilisita, kikasema zile ofisi zina kona kali, zitakichoma mbavu, lakini mwisho kikaipokea.

"Bi Mwantumu," kikasema, "umeona unavyoitoa? Korogwe, Handeni, Pangani, Lushoto. Ndivyo mlivyoitoa kule nyumbani, kwa kufuatana hivyohivyo."

"Nyumbani hakuna aliyenitegea kitendawili."

"Unategewa kila jioni. Na kila jioni unashindwa."

Nikaona kitanda hiki kina maneno ya mafumbo, na mafumbo mimi huyapenda yakiwa ya watu wengine. Nikainama kuangalia miji yangu kama imepangwa vizuri.

Uvunguni amekaa Shamimu. Miguu mitupu, miji mapajani. Anaukunjua mji mmoja, anauchungulia, anaukung'uta taratibu, anaukunja tena vizuri kuliko ulivyokuwa. "Hayumo," anasema. Anachukua mwingine. Anaukunjua, anauchungulia. "Hayumo."

"Unatafuta nini, mjukuu wangu?"

"Namtafuta Mama. Mjomba alisema Korogwe, nimetazama mpaka chini ya meza za sokoni. Pangani nimewauliza watu. Wote wamevaa viatu, Bibi."

"Sasa viatu vimeingiaje hapo?"

"Mama hakuvaa. Vyake vipo mlangoni." Alinieleza polepole, kama mtu anayemwelekeza mzee njia. "Huko aliko hawaingii na viatu. Ndiyo maana naizoeza miguu yangu. Ikishakuwa migumu, nitamfuata."

Nimeona mizani ikisema, nimeona Dodoma ikiingizwa uvunguni na ofisi zake zote, sikuogopa. Hapo niliogopa.

Nikakigeukia kitanda nikiwa na maneno mengi ya kusema, lakini mdomo una mazoea yake. Ukasema, "Nimeshindwa."

"Nipe mji."

"Nimeimaliza."

"Umebaki mmoja. Wa kwenu."

Mara hatupo tena uwanja wa shule. Tupo barazani kwangu, na Muheza inaanza kukunjwa kutokea upande wa stesheni. Mkunjo unakuja bila haraka. Unapita juu ya soko, machungwa yanaviringika kuelekea kwetu. Unapita juu ya paa la Mwalimu, ambaye anachungulia dirishani na kuuliza kama leo kuna shule. Shamimu anatoka uvunguni, anashuka ngazi za baraza, anauendea mkunjo ule kwa miguu yake mitupu kama mtu anayekwenda kumpokea mgeni wake.

Namwita. Sauti haitoki.

Kiatu cha kahawia kimekaa pale pembeni ya mlango. "Liseme, Mama," kinaniambia. "Nimechoka kulisema peke yangu."

Neno lipo. Ni dogo, gumu, laini juu, kama kokwa ya ukwaju. Nalisukuma kwa ulimi, linateleza, linarudi. Mkunjo umefika kwenye mwembe wa jirani. Mtoto ameinua mguu mmoja apande. Nalisukuma tena.

Nikaamka.

Kumekucha. Uani Kibwana alikuwa anakunywa chai, redio imewekwa juu ya ndoo, inasoma hali ya hewa. Tanga, nyuzi ishirini na nane. Muheza, ishirini na saba. Mombo, ishirini na nane. Same.

"Kibwana," nikasema, "mbona karuka Korogwe?"

"Mtangazaji ana usingizi."

"Na Handeni?"

"Naye ana usingizi wa Handeni. Mama, kaa unywe chai."

"Na Lushoto? Umesikia Lushoto?"

Akanitazama, akaikaribia redio, akaizungusha kidogo. Ilikuwa imeshafika Moshi. Akakuna shingo.

Shamimu akatoka chumbani, anachechemea kwa kile kidonda chake. Hajawahi kuuliza asubuhi, huuliza jioni. Leo alisimama mbele yetu hata uso hajanawa.

"Bibi, leo Mama yuko mji gani?"

Kibwana akaweka kikombe chini haraka. "Leo Mama yuko Moro..."

"Nyamaza, mwanangu. Acha miji ya watu." Nikamvuta mtoto, nikampakata. Alikuwa mzito kuliko nilivyomkumbuka. "Nisikilize, mjukuu wangu. Hayuko mji wowote. Mama amekufa. Tulimzika siku ile ulipokwenda kucheza kwa jirani. Na huko aliko hakufikiki kwa miguu, hata iwe migumu namna gani."